Mtama Uliozikwa kwa Mistari

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na mafiga yao, vihenge vyao na, kwa bahati mbaya, serikali yao, aliishi Bi Pimbi, msaga unga wa Bonde la Majabali.

Pimbi, kama hujapata kumwona, ni mnyama mdogo wa mawemawe, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, na ukimkanyaga unaweza usijue. Huyu wetu alikuwa na jiwe la kusagia alilorithi kwa bibi yake, na tangu asubuhi lilinguruma gru, gru, gru, unga ukimiminika kwenye ungo.

Nafaka yake haikutoka mbali. Kanga alileta mtama wa bondeni, Mzee Nungunungu alileta mtama wa mteremkoni, na kila mmoja alikwenda na kurudi kabla chungu cha kunde hakijaiva. Lakini Bi Pimbi hakumsagia mtu kabla ya kumwuliza.

"Mbegu umeshatenga?"

"Nimetenga, dada."

"Iko wapi?"

"Ipo jikoni, inakula moshi."

Hapo ndipo gru, gru, gru. Aliyejiumauma alirudi kwao na gunia lake kichwani.

Bondeni mle mbegu ilikuwa na heshima yake. Masuke mazuri kuliko yote yalichaguliwa, yakapakwa majivu na maji ya mwarobaini, yakawekwa uchagani juu ya moto. Yalikaa humo msimu mzima, mpaka yakawa meusi tii kwa masizi, na machungu hivi kwamba fukusi aliyeyaonja alihama na familia yake.

Tena kulikuwa na mwiko. Anayekula mbegu ameua nyumba yake. Mtu akionekana anatafuna mbegu, hata punje mbili, majirani walikaa chini na kumlilia kilio cha msiba, mwenyewe akiwa papo hapo anawatazama. Mara ya mwisho jambo hilo lilimpata babu yake Nungunungu, na ukoo mzima mpaka leo hawapendi kuulizwa.

Sasa, Mfalme Simba. Mfalme alikula nyama. Hilo mnalijua, na watu wa bondeni walilijua kuliko ninyi. Ila alisema nyama bila ugali haishuki. Kwa miaka mingi unga wa Ikulu ulitoka ng'ambo ya mto, mweupe pe, kwa sababu maofisa walikuwa wameandika kwamba mtama wa hapa ni chakula cha ndege. Mwaka huo mto ukafurika ukabeba daraja. Wiki haikwisha, maofisa wale wale wakaandika kwamba mtama wa hapa ni fahari ya nchi.

Aliyetumwa kuichukua fahari hiyo ni Fisi, Mkaguzi Mkuu wa Nafaka. Fisi aliijua nafaka ikiwa kwenye gunia tu. Kabla ya gunia, aliamini inatoka stoo.

Alifika mchana, muhuri umening'inia shingoni, nyuma yake askari mmoja tu, Nyati. Askari mmoja alitosha. Alipokanyaga, ungo wa Bi Pimbi uliruka ukutani peke yake.

"Wananchi," Fisi akasema, "nimewaletea Waraka Namba Saba, Kuhusu Matumizi Endelevu ya Nafaka za Hapa Hapa."

Kanga akanyoosha bawa. "Endelevu maana yake nini, bwana?"

"Maana yake tutaendelea kuchukua." Akafunua karatasi. "Magunia arobaini ya unga. Siku tatu."

Bi Pimbi akauokota ungo wake. "Bwana Mkaguzi, vihenge vyote vya bonde hili, ukivikung'uta mpaka vumbi, ni magunia thelathini na manne."

"Basi bado sita."

"Hayapo, bwana."

"Lakini ile ya..." Kanga akaanza.

Bi Pimbi akamkanyaga mguu. Kanga akafunga mdomo, lakini Fisi alikwisha kusikia. Masikio yake yakasimama.

"Mnamkumbuka Ngiri?" akauliza taratibu. "Yule msaga unga wa kilima cha pili?"

Kila mtu alimkumbuka. Nyumba ya Ngiri ilikuwa wazi tangu mwezi uliopita, mlango unabamizwa na upepo, pa, pa, pa.

"Aliniambia na yeye kwamba hayapo," Fisi akasema. "Tukakuta debe moja chini ya kitanda." Akalamba midomo, kwanza upande huu, kisha upande ule. "Mtu mzuri sana yule. Nitarudi keshokutwa, nipekue nyumba kwa nyumba. Punje moja iliyofichwa, mwenye nyumba atakwenda jikoni kwa Mfalme, na hatakwenda kupika."

Akaubandika waraka mlangoni, wakaondoka. Vumbi la Nyati lilikaa hewani muda mrefu.

Majirani wakaingia ndani na kubanana kando ya jiwe la kusagia.

"Tufiche mbegu," akasema Mzee Nungunungu, miiba yake ikigongana, shwaa, shwaa. "Mimi nina shimo."

"Fisi ana pua, mzee," akasema Bi Pimbi.

"Basi tuwape!"

"Tuwape, halafu mvua ikija tupande nini? Kucha zetu?"

Kanga akaanza kulia. "Tukificha tunaliwa mwezi huu, tukitoa tunakufa njaa mwakani. Dada, tufanye nini?"

Bi Pimbi alikuwa amesimama mlangoni anausoma waraka. Aliusoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka ule wa mwisho, ambao hausomwi na yeyote, hasa aliyeuandika. Hapo, chini kabisa, karibu na jina la mpiga chapa, kilikuwapo Kifungu cha Kumi na Tisa.

Alikisoma mara mbili.

"Msifiche kitu," akasema. "Kila mmoja alete mbegu yake jikoni kwangu. Yote."

"Yote? Mahali pamoja?" Nungunungu akafoka. "Umelogwa wewe?"

"Leteni."

Hakuwaambia zaidi. Kwanza, Kanga hakuwahi kutunza siri, hata akitaga yai bonde zima hupata habari. Pili, woga wa kuigiza, Fisi angeunusa toka mlangoni. Bi Pimbi aliutaka woga wa kweli, na wa kwake ulikuwa tayari: kila akiusikia mlango wa Ngiri kule kilimani, pa, pa, magoti yalimgonga.

Siku ya tatu Fisi alirudi. Magunia thelathini na manne ya unga yakapangwa uani. Nyati akayapakia kwenye mkokoteni, puu, puu, puu, kama anayerusha mito ya kulalia.

"Sita," akasema Fisi.

"Bwana..."

"Shsh!" Pua yake ikaanza kucheza. Akageuka upande wa jikoni. "Kuna nini humo?"

Fisi akainama, akapita mlango mdogo, Nyati akaingiza kichwa tu maana pembe hazikupita. Majirani wakasogea nyuma yao.

Juu ya moto, uchaga ulikuwa umejaa pomoni: mafungu kwa mafungu ya masuke, meusi, yananuka moshi.

"Ahaa!" Fisi akacheka, na kicheko cha fisi mnakijua. "Hii nini, mama? Hii si nafaka? Afande, mshike!"

Kwato ya Nyati ikaingia mlangoni na kutua hatua moja kutoka kwa Bi Pimbi. Aliuona ukubwa wake, akajiona mwenyewe ameshasagwa, laini kuliko unga wowote aliowahi kuutoa. Sauti ikamtoka bila kuiita.

"Usiguse, bwana!"

Lakini Fisi alikuwa ameshika. Akautoa mkono, akautazama. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiganja.

"Mbona inashika?"

"Ndiyo maana tuliitenga, bwana. Nilisema hayapo kwa sababu hayaliki. Angalia mwenyewe, mtama gani wenye rangi hiyo?"

Fisi akajifuta ukutani. Weusi haukutoka. Akafanya afanyavyo fisi yeyote kwa kitu asichokijua: akalamba. Uso ukamkunjamana.

"Ptuu! Ptuu! Chungu! Ni nini hii?"

"Mbona mimi siamini?" Nyati akasema kwa sauti nzito kutoka mlangoni. Hakuwa mwerevu, lakini alikuwa askari wa siku nyingi. "Huyu mama anatucheza, bwana. Kama ni mbaya, aile yeye tuone."

Majirani wakashika vichwa.

"Sawasawa," akasema Fisi, huku anafuta ulimi kwa mkono msafi. "Kula, mama."

Bi Pimbi akayatazama masuke. Maishani mwake hakuwahi kuitia mbegu mdomoni. Akawatazama majirani: Kanga, Nungunungu, na watoto wao wote wamejazana dirishani. Akachuma punje kiasi cha kiganja. Akazitia mdomoni, akatafuna. Kru. Kru.

"UWIIII!"

Alikuwa Kanga. Akajitupa chini, mabawa kichwani.

"Mayo wee! Dada yangu! Nyumba imekufa! Nyumba imekufaaa!"

Mzee Nungunungu akavua kofia na kukaa mavumbini. "Tumempoteza," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa alimkumbuka babu yake. Nyuma yake bonde zima likaketi, mmoja mmoja, likaangua kilio. Akina mama wakajifunga leso viunoni. Mtu akaanza wimbo wa msiba.

Fisi akageuka huku na huku. "Vipi? Mnalia nini? Mbona bado amesimama?"

"Hata babu yangu alikuwa amesimama!" Nungunungu akagumia.

Bi Pimbi hakusimama tena. Magoti, yaliyokuwa yakimdai ruhusa tangu asubuhi, yaliachia, akaanguka pu! kando ya mafiga, macho kayakodoa darini.

Fisi akautazama mkono wake mweusi. Akakumbuka kwamba aliulamba.

"Afande," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nililamba."

Kanga akamsikia. Naye, kwa kuwa kilio ni kilio na kilikuwa kimeshapamba moto, akamwingiza. "Mayo, na Bwana Mkaguzi naye!"

"Nifanyeni kitu!" Fisi akapiga yowe. "Nyinyi! Dawa!"

"Chumvi," Bi Pimbi akanong'ona kutoka sakafuni. "Maji moto... na chumvi... mengi."

Wakamletea kibuyu kizima. Fisi akanywa gugu, gugu, gugu, akatoka nje mbio, na nyuma ya kihenge akatapika chakula cha juzi, ambacho hatutasema kilikuwa nani.

Aliporudi alikuwa amepauka na mwili unamtetemeka, lakini yu hai. Bi Pimbi naye alikuwa amekaa, kashika kibuyu kilichobaki.

"Bwana Mkaguzi," akasema polepole, "sasa tusage?"

"Usage nini?"

"Hiyo. Magunia sita. Wewe umesema arobaini. Mimi nitasaga, wewe utapeleka, na Mfalme atakula."

Fisi akafikiri. Mtu angeweza kuiona ile fikra inavyomtembea usoni: Mfalme amekaa mezani, Mfalme ametia tonge mdomoni, Mfalme amekunja uso, Mfalme anauliza nani ameleta unga huu.

"Hapana!" akasema. "Hapana, hapana. Ichomwe moto!"

Hilo Bi Pimbi hakulitarajia.

"Ichomwe, bwana?" Akaonyesha mlangoni. "Mimi ni mtu mdogo tu. Lakini... waraka wako..."

"Waraka wangu unasemaje?"

"Kifungu cha Kumi na Tisa, bwana. Umeandika vizuri sana."

Nyati akaubandua waraka mlangoni, akauleta. Fisi akapekua mpaka mwisho, midomo ikicheza. "'Nafaka itakayoonekana ina madhara isisagwe, isisafirishwe, isichomwe. Izikwe ardhini siku hiyo hiyo chini ya usimamizi wa Mkaguzi, na eneo lilindwe.'" Akakohoa. "Bila shaka. Nakumbuka nilivyokiandika. Chimbeni shimo! Refu!"

"Refu, bwana," Bi Pimbi akasema, "ila chini ya hapa ndipo unapopita mkondo wa chemchemi ya Ikulu."

"Fupi! Nimesema fupi. Kina gani?"

"Kidole kimoja?"

"Kidole kimoja."

"Na tuirundike pamoja? Sumu ikirundikana hupata nguvu."

"Itawanywe! Mnataka kutuua? Lakini isitawanywe ovyo." Rangi ilikuwa inamrudia Fisi, kutoa amri kulimponya kuliko chumvi. "Kwa mistari! Iliyonyooka, nafasi sawa, ili afande aweze kuihesabu. Na kule kwenye udongo uliolainishwa, kazi iende haraka."

"Kule shambani kwetu, bwana?" Kanga akauliza. Alikuwa ameacha kulia. Macho yalimtoka, na Bi Pimbi aliona dhahiri kwamba shoga yake ameelewa. Akaomba kimoyomoyo mdomo ule ukae umefungwa.

"Hapo hapo."

"Basi tuipure kwanza, bwana," Kanga akasema, sauti ikikwaruza. "Sumu iliyo kwenye suke haizami sawasawa."

"Ipurwe!" Fisi akapiga muhuri, ta!

Alasiri nzima bonde lilizika mtama. Walikwenda safu kwa safu, majembe yanapanda na kushuka, wanatia punje na kufukia kwa nyayo. Wimbo wa msiba uliendelea, ila kadiri mistari ilivyozidi ulishika mwendo wa kazi. Fisi alikaa kivulini akinyoosha kidole: "Huo umepinda! Rudieni!" Bi Pimbi alitembea kati ya safu hajui acheke au azimie. Kila Nyati alipoinama kuhesabu, alihisi pumzi ya marehemu Ngiri shingoni.

Fisi akaondoka na mkokoteni, na barua kwa Mfalme iliyoeleza jinsi alivyoionja sumu hiyo mwenyewe ili kuokoa roho tukufu. Nyati akaachwa kulinda.

Siku zilizofuata bonde lilikula mizizi na mchicha wa porini, matumbo yakinung'unika. Mvua ikanyesha. Siku ya nne baada ya mvua, Bi Pimbi alisikia kishindo cha Nyati kabla hajaisikia sauti yake.

"Mama! Mama! Inafufuka!"

Bonde lote lilikuwa limechipua ncha za kijani, mstari kwa mstari, zimenyooka kama gwaride. Kabla Bi Pimbi hajasema neno, Nyati alishashika njia ya Ikulu kutoa taarifa kwa Mkaguzi.

Fisi alikuja peke yake, mbio, na siku hiyo kifuani alikuwa na nishani. Alisimama ukingoni mwa shamba. Akaangalia. Akainama, akanusa jani. Kisha akageuka polepole, akamjia Bi Pimbi mpaka pua kwa pua, na harufu ya mdomo wake ilikuwa harufu ya nyumba ya Ngiri.

"Ulijua," akasema.

Meno yote yalikuwa hapo. Hakuna jirani aliyesogea. Bi Pimbi alitaka kukimbia, na akajua kwamba akikimbia ndiyo mwisho.

"Nilijua, bwana." Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. "Hiyo nishani nzuri. Mfalme amekupa?"

"Kwa kumwokoa na sumu." Fisi akasita.

"Basi mwambie haikuwa sumu. Mwambie Mkaguzi Mkuu wa Nafaka hakuijua nafaka. Mwambie ulituamrisha tulime, ukatupimia na nafasi. Sahihi yako ipo, na muhuri, na afande alihesabu mistari mia mbili na kumi." Akavuta pumzi. "Atafurahi, bwana? Wewe unamjua zaidi."

Mdomo wa Fisi ulibaki wazi, karibu sana na shingo ya Bi Pimbi, muda ambao kwake ulikuwa msimu mzima. Kisha ukafumba. Fisi akaishika nishani yake. Akatazama njia ya Ikulu, akatazama shamba.

"Andika," akasema kwa uchungu.

"Niandike nini, bwana?"

"Majani yasiyojulikana." Aliyatema maneno moja moja. "Yasiguswe na ndege, mnyama wala ofisa yeyote, mpaka yakauke yenyewe. Yakikauka, wenyeji wayaondoe kwa gharama zao. Ulinzi uendelee."

Ta! ukalia muhuri.

Ulinzi ukaendelea. Mtama ulipochanua masuke, kwelea kwelea walishuka kama wingu, na wakamkuta Nyati. "Ondokeni! Amri ya Ikulu!" alinguruma kutwa nzima, anakimbia kutoka pembe hii ya shamba hadi ile, mpaka akakonda. Hayakupata kutokea bondeni mavuno yasiyoguswa na ndege hata mmoja, ila mwaka ule.

Mtama ulipokauka, wenyeji waliuondoa kama walivyoamriwa, na Kanga alikuwa wa kwanza kufika na gunia. Bi Pimbi alimwuliza kama mbegu imeshatengwa, akaambiwa inakula moshi, na jiwe likaanza kunguruma.

Na funzo lake ni hili: anayetaka kula unga kila mwaka, ajue kwanza unatoka wapi.